Nadhiri ya Mkwe Wangu kwenye Mlima wa Musa

Nilichoka kabla hatujatoka. Nilivuka feri kila asubuhi kwenda ofisi ya uhamiaji kutafuta pasipoti, nikarudi Likoni jua likiwa utosini, na yule mama wa dirishani kila nikifika ananiambia vidole vyangu havitoi alama. Vidole vimelika kwa kukuna nazi na kupalilia mihogo, hata mashine haivijui. Nikamwambia mwanangu, kama mashine haitaki niende, basi na mimi sitaki. Alijua nitakwenda, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la nadhiri.

Mwanangu wa pili, huyo anayefanya kazi bandarini, alioa binti wa watu wa bara. Binti mwenyewe ni mpole, sina neno naye. Mamake ndiye mkwe wangu: mjane, anakaa Chaani, mtu wa kanisa, mwenye sauti ya kuamrisha. Mimi ni Muislamu wa Likoni, na wazee wangu wamezikwa nyuma ya nyumba ninayolala. Tangu siku ya harusi sisi wawili tulikuwa tukiamkiana vizuri na kuachana haraka. Mtoto alipozaliwa tukampa jina letu, naye mkwe akampa lake, akawa anamwita hilo lake mbele yangu, na mimi la kwangu mbele yake. Mtoto huitika yote mawili.

Mtoto huyo, wa kike, alizaliwa kabla ya wakati. Hospitalini walimtia katika lile sanduku la kioo, kifua chake kikipanda na kushuka kama cha kifaranga. Mimi nilikaa upande mmoja wa benchi nikivuta tasbihi, mkwe upande wa pili akiomba kwa sauti, mpaka muuguzi akaja akatuambia tunyamaze sote. Mimi wala sikuwa nikipiga kelele. Ndipo mkwe aliposimama akasema mbele yangu na mbele ya muuguzi: mtoto huyu akipona, yeye mwenyewe bibi yake atakwenda kwa miguu yake kwenye mlima ambao Mungu alisema na Musa, asimame juu yake, ashukuru kwa kinywa chake. Mtoto akapona. Sasa yuko skuli, mnene, na meno ya mbele yameoza kwa peremende.

Kwetu nadhiri haina mzaha. Mtu akiweka nadhiri ya mbuzi hachinji kuku. Na asipoiondoa mwenyewe, haizikwi naye. Huwaangukia waliobaki nyuma. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na sijui kwao bara wanafundishwaje, lakini mkwe aliliamini hilo kama mimi. Kila mtoto akishikwa na homa, simu yangu hulia alfajiri. "Mkwe, ni ile ahadi yangu inamtafuta." Miaka ikapita, magoti yake yakaanza kufura. Aliogopa kufa nadhiri ikiwa shingoni, imgeukie mtoto. Mimi niliogopa vilevile, ila sikumwambia.

Kanisa lao likaandaa safari ya nchi za mitume: Misri, jangwa la Sina, kisha Jordan. Wenye safari wakasema mama mwenye magoti yale haendi bila mtu wa kumshika mkono. Binti yake hakupata ruhusa kazini. Nikatajwa mimi.

"Mimi sijafika Makka," nikamwambia mwanangu, "niende kwa Firauni?"

"Mama, Turi Sina, mlima huo huo wa Musa, imo ndani ya Kurani yako."

Hilo nililijua kabla yeye hajazaliwa. Pasipoti ilipotoka mwishowe, nikafunga mzigo.

Nililala kwa mkwe Chaani, maana feri haiaminiki na uwanja wa ndege uko mlangoni kwake. Ndege humpitia juu ya bati miaka yote, vikombe kabatini vinagongana, na hajapanda hata moja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala chini ya dari lake. Nikakuta amefagia pembe ya chumba akanitandikia kanga mpya ya kuswalia. Ameielekeza mawio ya jua. Watu wengi wa bara hudhani hivyo, kwamba Muislamu hufuata jua. Nikaigeuza kaskazini.

"Mbona umeigeuza?"

"Makka iko huku."

"Una hakika?"

"Nimezaliwa naelekea huku."

Akatoka akaenda kuangalia chai. Nilijua nimemuudhi. Alitaka kunitendea wema, nami nikausahihisha kama daftari la mtoto. Lakini kibla ni kibla.

Kairo ni mji wa vumbi na honi. Tulikuwa basi zima la watu wa kanisa, na mimi peke yangu na buibui langu kiti cha mbele, karibu na mkwe ili nimshike akishuka. Mchungaji wao, kijana mwenye adabu, alinisalimia shikamoo kila asubuhi na kuniuliza kama nimelala. Sikuwa nimelala. Mkwe hukoroma. Tulipelekwa hapa na pale, kupanda ngazi, kushuka ngazi, kusimama juani tukisikiliza Mmisri mwenye mwavuli akieleza kwa Kiingereza na mchungaji akitufasiria. Mawe niliyoyaona ni mengi kuliko ninayoweza kukumbuka. Miguu yangu ndiyo inayoyakumbuka.

Lakini yako mawili ya Kairo sikuyasahau. La kwanza ni kanisa la kale la Wakristo wa kule. Tuliingia wakati wa ibada. Wanawake walikuwa upande wao na wanaume upande wao, wanawake wamejifunika vichwa, na walipokaribia mbele walivua viatu. Kasisi alikuwa na ndevu kifuani, na alikuwa akiomba kwa Kiarabu. Nikasikia Allah. Nikasikia ya Rabbi. Mkwe wangu, ambaye kanisa lake Chaani ni ngoma na kinanda na viatu vya visigino, alikaa ameshika mkoba wake kama mtu aliyepanda gari lisilo lake.

Akaninong'oneza, "Hawa ni wenu ama ni wetu?"

"Wamo kanisani. Wenu hao."

"Na mbona wanamwita Allah?"

"Kawaulize."

Hakwenda kuwauliza. Lakini nilimwona akiukunjua mtandio wake shingoni, akaupandisha kichwani.

La pili ni hekalu la zamani la Mayahudi, karibu na kanisa hilohilo. Yule mwenye mwavuli akasema wazee wa pale husimulia kwamba hapo ndipo kisanduku cha Musa kilipookotwa majini. Kama ni kweli sijui, na yeye pia alisema hajui. Kisa chenyewe sote tunakijua, wao kwa kitabu chao na sisi kwa chetu: mama amemtia mwanawe sandukuni, amemwachilia mtoni, na dada mtu anafuata kando aone litakwenda wapi. Mchungaji alikuwa akisoma kwa sauti. Nikahisi mkono wa mkwe umenishika kwenye kiwiko, na haukuwa wa kujizuia asianguke, maana tulikuwa tumekaa. Alikuwa akifikiria sanduku jingine. Sikuutoa mkono ule.

Safari ya kwenda Sina ni ndefu na haina kivuli. Basi lilisimama kwenye kituo cha mafuta, nikamwomba dereva nafasi ya kuswali. Nyuma ya kituo palikuwa na chumba chenye mikeka iliyokunjwa na mwanamke anayefagia. Nikatandika mmoja, nikauelekeza kaskazini kama nilivyofanya Kairo yote ndani ya chumba cha hoteli, nikafunga swala. Mara nikasikia mikono mabegani. Yule mwanamke ameuweka ufagio chini, ananizungusha taratibu, kama mtu anavyogeuza mtungi, mpaka nikaangalia kule nilikokuwa nimekupa mgongo.

Sikuelewa, na Kiarabu chake sikukijua. Akaonyesha kwa kidole, akasema Makka, Makka. Ndipo akili ikanijia. Tumekuja kaskazini mno. Makka tumeipita. Iko nyuma yetu sasa, upande wa nyumbani, na mimi mwanamke mzima niliyezaliwa kwenye kibla nimeswali Kairo nzima nikiipa Nyumba ya Mwenyezi Mungu mgongo.

Mkwe alikuwa mlangoni ananingojea. Ameona kila kitu.

"Makka iko huku," akasema kwa sauti yangu, shingo ameinyoosha kama ninavyonyoosha mimi. "Nimezaliwa naelekea huku."

Nikataka kukasirika. Kicheko kikanitoka kabla ya hasira. Tukacheka sote wawili, mpaka yule mwanamke wa ufagio naye akacheka bila kujua sababu. Halafu nikakaa nikaanza kuzirudia swala zangu za Kairo moja baada ya nyingine, dereva akipiga honi nje, na mkwe akasimama mlangoni akimwambia kwa Kiswahili chake cha bara kwamba akipiga tena atakuja kumtoa kwenye usukani. Dereva hakujua neno moja lakini aliacha.

Chini ya ule mlima iko nyumba ya watawa, imezungukwa na ukuta mnene. Ndani yake liko kanisa, uko na mti wanaosema ndio ule uliowaka bila kuungua. Na humo humo ndani ya ukuta, hatua chache na kanisa, uko msikiti na mnara wake. Wa zamani, mdogo. Nilisimama kuuangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyoangalia kitu kingine safari nzima. Sikuwaza makubwa. Niliwaza lile benchi la hospitali, na sisi wawili kila mmoja mwisho wake.

Kundi lilipanda mchana ili likaone jua likizama kutoka juu. Mkwe alipakiwa kwenye ngamia. Mimi nilikataa ngamia, nikafuata kwa miguu, nikishikilia tandiko. Njia ni mawe na kokoto, inapinda, ukidhani umefika kumbe umefika pa kupindia tena. Pumzi yangu ilikuwa ikitoka kama ya mvukuto wa mhunzi. Mkwe huko juu alikuwa amefumba macho, sijui kwa sala au kwa hofu.

Ngamia wana mahali wanapoishia. Baada ya hapo ni ngazi za mawe, zimesimama kama ukuta, hadi kileleni. Ndipo miguu yake yeye ilipohitajika. Tulimshusha, nikamshika upande mmoja na mchungaji upande mwingine. Akapanda chache. Goti la kushoto likakataa. Akajaribu kwa makalio, akijivuta nyuma nyuma kama mtoto, watu wazima wa kanisa lake wakiangalia pembeni ili wasimwone. Halafu akakaa. Uso ulikuwa wa majivu.

Mchungaji akachutama mbele yake. Akamwambia vizuri, bila haraka, kwamba Mungu anaujua moyo wake, na kwamba amekwisha kufika.

"Sikuahidi moyo, mchungaji," akasema. "Niliahidi miguu."

Jua lilikuwa linashuka, kundi linangoja. Mkwe akamwambia apande na watu wake. Tukabaki wawili pale kwenye jiwe, na mwenye ngamia akichemsha chai yake pembeni.

Akasugua lile goti. Kisha akaniambia bila kuniangalia:

"Nenda wewe. Damu ya mtoto ni yako pia. Nenda useme niliyotaka kusema."

Nikamuuliza ni maneno gani. Akanitajia. Ilikuwa shukrani nzuri, fupi, sina ila nayo, lakini alitaka niifunge kama wanavyofunga wao, kwa jina la Yesu mwana wa Mungu. Nikamwambia hilo siwezi. Nabii Isa ninamheshimu, mamake ninampenda, lakini maneno hayo si ya ulimi wangu, na nikiyasema kwa kukuridhisha wewe nitakuwa nimemwambia Mungu uongo juu ya mlima wake.

"Ni maneno tu, mkwe."

"Kama ni maneno tu, tumefuata nini huku?"

Akainamisha kichwa. Nikaona machozi, na mkwe wangu si mtu wa machozi. Hata kwenye lile sanduku la kioo hakulia. Nikamweleza kwamba kwetu asiyeweza hija huenda mwingine badala yake, lakini anayekwenda sharti awe amekwisha kujihijia mwenyewe, na mimi sijahiji. Hata kama ingekuwa vinginevyo, yeye hakunadhiri maneno pekee. Alisema kwa kinywa chake. Kinywa changu hakiwezi kuwa chake.

"Basi itamwangukia mtoto," akasema.

Hapo ndipo nilipochoka kwelikweli. Si miguu. Nilichoka na miaka yote ile ya simu za alfajiri, majina mawili, na kila mmoja kumwombea mtoto huyo huyo kwa Mungu huyo huyo huku tukitegana nani atasikiwa. Nikamwambia atoe simu.

Mimi na yeye hatuandikiani. Nilisoma chuo cha Kurani na skuli kidogo, na macho yake yeye hayaoni herufi ndogo, kwa hiyo miaka yote tumekuwa tukitumiana sauti. Anabonyeza, anasema, anaachia. Nikamwambia: "Sema hapo. Kinywa chako nitakibeba. Miguu nitakuazima yangu."

Halafu akaishika simu kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Nikasogea kando hadi kwa yule mwenye ngamia, maana maneno ya mtu na Mola wake hayasikilizwi. Aliponiita, simu ilikuwa imepata joto la mikono yake. Nikaitia kifuani, ndani ya buibui, nikapanda.

Sitaeleza zile ngazi. Nilizipanda kwa mikono na kwa magoti, na mahali pengine kwa kumlaani mwanangu aliyenikumbusha Turi Sina. Vijana wa kizungu walinipita mara nyingi, wengine wakashuka wakanikuta nikingali napanda. Nilipofika, jua lilikuwa bado kidogo. Kileleni ni mawe matupu, na juu ya mawe hayo pana kikanisa kidogo na kimsikiti kidogo, vimekaa jirani kama vibanda viwili vya sokoni. Watu wa kanisa la mkwe walikuwa upande mmoja wakiimba. Upepo ulikuwa mkali mno, unavuta buibui na kope.

Nikasimama pa juu kabisa palipopatikana. Hakuniambia niielekeze wapi. Wao hawana kibla. Nikaiinua simu juu ya kichwa changu, kwa mkono ulionyooka, nikabonyeza kwa kidole gumba, kile kile ambacho mashine ya uhamiaji ilikikataa.

Nikasikia "Baba." Baada ya hapo upepo ulichukua yote. Nilijua tu kwamba inasema kwa sababu nilihisi inatetemeka kidogo mkononi. Nikaacha mkono juu mpaka kutetemeka kukaisha. Kisha nikaenda kando ya kile kimsikiti, nikatazama kilivyoelekea, nikaswali rakaa mbili. Kilielekea kusini. Makka huko, na nyuma ya Makka, mbali sana, Likoni na Chaani.

Kushuka ni kubaya zaidi ya kupanda, yeyote mwenye magoti atakwambia. Nilimkuta pale pale kwenye jiwe, mwenye ngamia amemfunika blanketi na kumpa chai. Nikampa simu yake. Hakuichukua mara moja.

"Ilisikika?"

Ningeweza kumdanganya, na pengine mtu mwenye huruma angemdanganya. Mimi sikuzoea.

"Mimi sikuisikia," nikamwambia. "Upepo ulikuwa mwingi. Lakini hukunituma niisikie mimi."

Akaishika ile simu, akaigeuza geuza. Halafu akasogea kwenye jiwe, akanipa nafasi na nusu ya blanketi. Tukakaa hapo mpaka watu wake waliposhuka.

Jordan nilipita nikiwa nusu usingizini. Nakumbuka mlima mmoja tu, ambao basi hufika hadi juu, na mchungaji akasoma kwamba Musa alionyeshwa ile nchi kwa macho, asiingie. Mkwe akanigusa kwa mkongojo wake wa kutembelea.

"Na yeye aliishia ngazini," akasema.

Tulirudi. Nilivuka feri, nikalala, na nilipoamka mihogo ilikuwa imeingiliwa na majani. Miguu yangu haijarudi kama ilivyokuwa, wala sidhani itarudi. Ninaandika haya nikiwa nimeiweka juu ya kigoda.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, mtoto akapata homa. Alikuwa kwa mkwe Chaani, skuli zimefungwa. Simu ikalia alfajiri, kama zamani. Nikaishika nikingoja aniambie ni ile ahadi.

"Mkwe," akasema, "mtoto ana homa."

"Ndio."

Nikasikia ndege ikipita juu ya bati lake, na vikombe vikigongana kabatini. Akangoja ipite.

"Ni mbu tu," akasema. "Nampeleka zahanati wakifungua. Wewe lala."